Ng'ombe Waliopitia Angani

Amna alikuwa na nafasi moja tu, na nafasi hiyo ilikaa mfukoni mwake, ndani ya flashi ndogo kuliko kidole gumba.

Alishuka basi la kutoka Iringa pale Chimala saa tano asubuhi, siku ya mnada. Barabara kuu ilikuwa imejaa magunia ya mpunga, pikipiki, na ng'ombe waliokuwa wakivushwa mbele ya malori kana kwamba barabara ilijengwa kwa ajili yao. Nyuma ya mashine ya kukobolea mpunga lilikuwapo banda la video la Mzee Jailos. Lilikuwa la mabati, madirisha yamezibwa kwa viroba vyeusi, ndani kuna mabenchi na runinga kubwa ambayo mwenyewe alikuwa akiifuta vumbi kwa mkono wa shati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mtafsiri?" Alimtazama kuanzia viatu mpaka mtandio. "Mbona sauti yenyewe ndogo?"

"Kwenye maiki inakua, mzee."

Mzee Jailos hakucheka. Filamu kila mtu anazo kwenye simu siku hizi. Watu walikuwa wanalipia kiti pale kwa sababu ya mtafsiri, yule anayekaa kando ya runinga na maiki, anapunguza sauti ya Wazungu na kuisimulia filamu nzima kwa Kiswahili, huku akiwatania waigizaji na kujibizana na watazamaji. Kwa miaka tisa mtafsiri alikuwa Abdul. Tangu Abdul apate kazi ya redio Mbeya, walikuwa wamejaribu watatu, na wote watatu walikimbiwa na watu kabla filamu haijafika nusu.

"Sharti langu ni moja," alisema Mzee Jailos. "Mimi nakaa mlangoni. Watu wakikaa mpaka mwisho, maiki ni yako, kila mnada. Wakinyanyuka kabla ya mwisho, basi la kurudi Iringa linapita hapa saa kumi na moja."

Amna aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amehitimu chuo miaka miwili iliyopita, shahada ya sanaa za maonyesho, na tangu hapo hajapata pa kuonyesha sanaa yoyote. Jumatatu ilikuwa aanze kazi katika duka la vitambaa la mjomba wake Hamza, pale Mlandege mjini Iringa. Mjomba alikuwa mtu mwema na vitambaa vilikuwa vizuri. Lakini Amna aliamini kwa moyo wake wote kwamba hadithi ikisimuliwa vizuri haina mgeni, kwamba hata mtu wa bonde hili la Usangu na kauboi wa jangwani Marekani wanaweza kukaa benchi moja wakaelewana. Imani kama hiyo ukiipeleka dukani unaikunja pamoja na vitenge.

Filamu yake aliichagua kwa makusudi. Ilikuwa ya kauboi aliyeibiwa ng'ombe. Nani mwingine angeielewa filamu hiyo kama si watu wa mnada wa Chimala? Aliitazama mara sita kwenye kompyuta yake mpaka akajua hata farasi anakohoa wapi. Kisha akampelekea Kartik, rafiki yake wa tangu utotoni mwenye duka la kunakili filamu Mlandege, aikate sehemu mbili, A na B, maana runinga za mabandani hazisomi faili kubwa. Kartik alimrushia flashi dirishani mwa basi likiwa limeshaanza kuondoka. "Nenda ukawamalize!" alipiga kelele.

Saa nane banda lilikuwa limejaa. Benchi la mbele kabisa alikaa Mzee Aroni, mfugaji mrefu mwembamba mwenye fimbo na koti la baridi, ambaye alikuwa ameuza dume moja asubuhi ile na sasa hana haraka. Kando yake alikuwapo Mama Apolonia, muuza mchele, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto.

"Leo ni mwanamke!" alisema Mama Apolonia. "Haya mwanangu, usituaibishe."

"Sitawaaibisha, mama."

Alisema bismillahi kimoyomoyo, akabonyeza rimoti.

Filamu ilifunguka na vumbi. Jua linachomoza, na ndani ya vumbi linatokea kundi la ng'ombe likiteremka kilimani, mbele yao jike mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda kuelekea chini. Watu wengi walikuwa bado wanatafuta pa kukaa, wanasukumana, wanagombea mabenchi. Mzee Aroni peke yake ndiye aliyekuwa ameegemea fimbo, bila kupepesa macho.

"Yule jike mwekundu ndiye anayeongoza kundi," alisema. "Na ana mimba. Miezi sita hivi."

Nyuma ya kundi alikuja mpanda farasi mwenye ndevu nyingi na kofia pana.

"Na huyo ndugu zangu ndiye steringi wetu, shujaa wa filamu!" Amna alisema kwenye maiki, na sauti yake ndogo ikajaza mabati yote. "Anakuja, anasalimia. Kamwene!"

Salamu hiyo ni ya Wahehe na Wabena, na Wasangu wa pale nao wanaitikia bila kufikiri. Banda zima likajibu: "Kamwene!"

"Basi jina lake ndilo hilo. Bwana Kamwene. Na farasi wake anaitwa Mshale. Mnaona anavyompigapiga shingoni? Kila akitaka kupanda lazima ampigepige mara mbili, la sivyo Mshale ananuna kama mke aliyesahauliwa."

Walicheka. Amna akahisi damu ikimchemka mwilini kwa furaha. Kila steringi alipotokea alisema "Kamwene!", na kila mara waliitikia kwa nguvu zaidi, wengine wakiinua mikono. Adui alipotokea, mwizi mwenye koti jeusi refu, Mama Apolonia alimtukana ukoo mzima. Ng'ombe walipoibwa usiku, banda lilinyamaza kama msibani. Hakukuwa na mtu mle ndani ambaye hakuwahi kuibiwa, au kumjua aliyeibiwa.

Bwana Kamwene akafuata nyayo siku tatu. Jioni ya siku ya tatu nyayo zikafika kwenye mwamba mpana, zikaishia hapo. Steringi akawasha moto, akalaza kichwa kwenye tandiko la farasi, akatazama nyota. Skrini ikawa nyeusi. Mwisho wa sehemu A.

"Mapumziko dakika kumi!" alitangaza Amna. "Mkanunue karanga. Tukirudi, ng'ombe wanatafutwa!"

Mzee Jailos, pale mlangoni, alikuwa ameacha kukunja uso. Hilo peke yake lilimfanya Amna atamani kuruka. Banda lilipopungua watu, aliifungua sehemu B ili aiweke tayari.

Kwenye skrini alitokea mtu asiye na ndevu, amevaa nguo nyeupe zilizovimba na kofia ya kioo, anaelea hewani. Nyuma yake, dirishani, ilikuwako dunia nzima, ya bluu, inazunguka polepole.

Amna aliizima haraka. Akatoka nje kwa mlango wa nyuma, akapiga simu.

"Kartik, umenipa nini?"

"Filamu. Vipi, wamekubali?"

"Sehemu B ina mtu anaelea kama puto!"

"Ana ndevu?"

"Hana!"

"Basi siyo yako." Kartik alianza kuongea mbiombio. "Amna, nisamehe bwana, nilikuwa nakata mbili kwa pamoja, nimebandika B ya ile nyingine. Mungu wangu. Nikutumie? Lakini ni giga tatu na nusu, kwa mtandao wa huko utaipata kesho."

"Watu wanarudi baada ya dakika sita. Hii inahusu nini?"

"Mambo ya anga za juu. Kuna meli ya angani, kuna mtu mbaya amevaa nyeusi, kuna makasha wanayagombania."

"Makasha ya nini? Inaishaje?"

"Sijui. Nilisinzia."

"We Kartik!"

"Nilikuwa nimechoka!"

Alikata simu. Angeweza kuingia akawaambia filamu imeharibika. Wangesikitika, wangeondoka kwa adabu, na saa kumi na moja naye angekuwa barabarani anasimamisha basi. Alisimama pale nyuma ya banda, pumba za mpunga zikimwangukia mtandioni. Kupitia matundu ya mabati aliwasikia watu wawili wakibishana.

"Nyayo haziwezi kuishia tu," mmoja alisema. "Ng'ombe arobaini! Wamekwenda wapi?"

Amna aliinua macho. Juu ya milima mbingu ilikuwa safi, haina hata wingu la kuazima. Nyayo hazikwenda mashariki. Hazikwenda magharibi. Steringi amelala chali, anatazama nyota.

"Juu," alisema kwa sauti. Kisha akacheka peke yake, akaingia ndani akikimbia.

Wote walipokaa, Amna alishika maiki.

"Ndugu zangu, tulimwacha Bwana Kamwene kwenye mwamba. Nyayo zimeisha. Akajiuliza usiku kucha, ng'ombe arobaini wamekwenda wapi? Akatazama chini, hakuna. Akatazama kushoto, kulia, hakuna. Alfajiri akagundua sehemu moja ambayo hakuitafuta. Mwizi wa siku hizi si yule wa zamani. Mwizi wa siku hizi anapitia juu!"

Akabonyeza. Yule mtu wa kofia ya kioo akaelea mbele yao.

Mtu alikohoa.

"Kamwene!" alisema Amna.

Hakuna aliyeitikia. Nyuma kabisa benchi lilikwaruza sakafu, na mlangoni Mzee Jailos alisimama.

"Huyu nani?" aliuliza Mama Apolonia. "Ndevu ziko wapi?"

"Wamemnyoa, mama. Hiyo kofia ya kioo ukiwa na ndevu haifungi. Hewa inavuja."

Mama Apolonia aliutafakari uso ule, kichwa kikiwa upande. "Kumbe alikuwa kijana mzuri hivi," alisema mwishowe, "halafu anajificha kwenye kichaka!"

Kicheko kililipuka.

"Kamwene!" alisema Amna tena, haraka, kabla hakijaisha.

"Kamwene!" alijibu Mama Apolonia, na nyuma yake sauti kumi, na nyuma ya hizo banda zima.

Kuanzia hapo Amna hakusimulia filamu, aliikimbiza. Hakujua kitu kinachofuata. Macho yake yalikuwa yanaona wakati uleule na ya kwao, na mdomo wake ulipaswa kufika sekunde moja kabla. Steringi akakimbilia chombo kidogo cha viti viwili, na kabla ya kuingia akakigonga ubavuni kwa kiganja, mara mbili.

Amna alikaribia kulia. "Mmeona? Mmeona anavyompigapiga?"

"Mshale!" walipiga kelele.

"Mshale! Farasi mwenyewe kamwacha chini, huko juu hakuna majani. Lakini jina ameliazima!"

Adui akatokea amevaa nyeusi kuanzia kichwani hadi miguuni. "Koti amelibadilisha lakini roho ni ileile," alisema Amna, na matusi ya Mama Apolonia yakaendelea pale yalipoishia. Vyombo vikafukuzana katikati ya mawe yanayoelea. Amna akasema ni sawa na kupita bondeni huku genge zima la wezi linakurushia mawe, akaiga mlio wa risasi, akaiga mlio wa kwato, ingawa kwato hazikuwepo, na vijana wa nyuma wakaanza kupiga mabenchi kwa viganja ili Mshale aongeze mwendo.

Katikati ya zogo hilo, fimbo iligonga sakafu.

"Binti," alisema Mzee Aroni. "Ng'ombe wako wapi?"

"Wanakuja, mzee."

Dakika kumi baadaye: "Binti. Ng'ombe."

Kwa bahati yakatokea yale makasha. Yalikuwa marefu, ya chuma, yamepangwa safu safu, yanatoa moshi wa baridi.

"Hao hapo, mzee! Wamelazwa usingizi wa barafu."

"Wamelazwaje?" Mzee Aroni aligeuka kwa wasiwasi wa kweli. "Ng'ombe ukimlaza siku mbili tumbo linavimba, anakufa."

"Wamesimama, mzee. Makasha yamesimama wima, na wao wamesimama ndani."

Mzee alifikiri, akakubali. "Hapo sawa."

Filamu ikaendelea mbio kuelekea mwisho, na mwisho ukaja ghafla kuliko alivyotegemea. Adui akatupwa nje ya meli, akapotea gizani, banda likashangilia mpaka vumbi likadondoka kutoka kwenye mabati. Steringi akamkumbatia mwanamke mmoja mbele ya dirisha. Nyota zikasogea. Halafu majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

Makasha hayakufunguliwa. Hakuna ng'ombe hata mmoja aliyeonekana.

Shangwe ilikatika. Mzee Aroni akasimama, na aliposimama yeye, benchi zima la mbele likasimama.

"Ng'ombe?" aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyefiwa. "Tumekwenda mpaka mbinguni, tumempiga mwizi, halafu tunarudi bila ng'ombe?"

Mlangoni Mzee Jailos alitazama saa yake. Watu wa nyuma walikuwa tayari wanafunga mikoba.

Amna alitazama majina yanayopanda. Akafikiria kundi linaloteremka kilimani kwenye vumbi la jua linalochomoza.

"Kaeni!" Sauti ilimtoka bila maiki. "Kaeni jamani! Steringi hajafika nyumbani!"

Alibonyeza rimoti. Skrini ikaonyesha orodha ya faili, A juu na B chini, waziwazi mbele ya macho ya watu wote.

"Anarudia!" kijana mmoja alisema. "Anaweka ileile!"

"Subiri uone," alisema Amna, na akabonyeza A.

Vumbi. Jua linachomoza.

"Miaka mitatu," alisema taratibu. "Miaka mitatu ya kurudi, ndugu zangu, maana mbingu ni mbali. Meli imetua nyuma ya kilima kile, hamuioni, imefunikwa na vumbi lake yenyewe. Makasha yamefunguliwa. Na sasa sikilizeni."

Akaongeza sauti ya filamu. Kutoka ndani ya vumbi ikaja milio ya ng'ombe, wengi, na wao wenyewe wakatokea, wanateremka polepole. Mbele yao alikuwa jike mwekundu, pembe moja imepinda kuelekea chini.

Mzee Aroni alisogea mpaka uso wake ukakaribia kioo cha runinga. Banda zima lilimsubiri, maana pale Chimala akisema yeye kwamba ng'ombe ni huyu, ni huyu.

"Ndiye," alisema. Kisha akainua fimbo juu. "Ndiye! Ile pembe! Ni wale wale, hata mmoja hajabadilishwa! Wamerudi!"

Kilichofuata hakikuwa makofi, kilikuwa tufani. Mama Apolonia alipiga vigelegele. Vijana walipanda juu ya mabenchi. Na nyuma ya kundi akatokea mpanda farasi, ndevu nyingi, kofia pana.

"Ndevu zimeota tena!" alipiga kelele Mama Apolonia kabla Amna hajafungua mdomo.

"Kamwene!" alisema Amna, na machozi yakamtiririka bila aibu.

"KAMWENE!"

Akaizima hapo hapo.

Watu walitoka wakisimuliana, kila mtu akimkatiza mwenzake. Mzee Aroni alibaki nyuma, akamsogelea Amna na kuinama kidogo.

"Mwanangu, yule jike mwekundu. Mwanzo nilisema ana mimba ya miezi sita."

"Ndiyo, mzee."

"Leo amerudi baada ya miaka mitatu, na mimba ni ya miezi sita."

Amna alihisi masikio yakimuwaka. "Mzee, mimi..."

"Itakuwa ile baridi ya kwenye makasha," alisema Mzee Aroni, uso mkavu kabisa, ila jicho moja lilikuwa linacheka. "Inahifadhi. Wengine hawatajua, lakini mimi ni mfugaji." Akatoka akiimba chinichini.

Alibaki Mzee Jailos, anapanga mabenchi. Amna alimfuata. Hakuwa mtu wa kuanza kazi kwa uongo, hata kama kazi yenyewe ilikuwa ya kusimulia.

"Mzee, kuna jambo. Filamu zilikuwa mbili. Sehemu B ilikosewa Iringa, ilikuwa ya filamu nyingine kabisa. Nilikuwa siijui. Niliunganisha kwa mdomo tu."

Mzee Jailos aliacha benchi hewani. "Kwa hiyo hiyo filamu ya kauboi kupanda angani..."

"Haipo, mzee. Haipo popote duniani."

Aliliweka benchi chini. Alitazama runinga iliyozimwa, kisha mlango, ambako nje watu walikuwa bado wamesimama vikundi vikundi, mmoja anamwonyesha mwenzake jinsi Mshale alivyopinda kati ya mawe.

"Haipo vipi?" alisema. "Mimi nimeiona."

Akachukua ubao wa tangazo pale mlangoni, akafuta maandishi ya zamani kwa mkono wa shati, akamnyooshea chaki.

"Kuna watu huko nje wanauliza inaitwaje. Wanataka kuwaambia wenzao. Andika."

Basi la Iringa lilipita barabarani likipiga honi. Amna hakuligeukia. Alipiga magoti kwenye vumbi, akaegemeza ubao kwenye ukuta wa mabati, na kwa herufi kubwa akaanza na neno la kwanza, Ng'ombe.